Sura ya Tano: Mbwa Asiyepukutisha Manyoya

Tangu Aprili 2009 swali ni lile lile. Mwezi huo familia ya Rais Barack Obama wa Marekani ilimpokea Ikulu mtoto wa mbwa wa miezi sita, mweusi, kifua cheupe, miguu ya mbele kama aliyevaa soksi, nywele zimejikunja mwili mzima. Jina lake Bo. Alikuwa zawadi ya Seneta Edward Kennedy, ambaye mwenyewe alifuga mbwa wa aina hiyo. Malia, binti mkubwa wa Obama, ana mzio, yaani mwili wake huyapokea mambo yasiyo na madhara kwa wengine kana kwamba ni adui: chafya, macho kuwasha, kifua kubana. Ikaelezwa kwamba mbwa huyu alichaguliwa kwa sababu hapukutishi manyoya.

Picha za mbwa huyo zilifika Kogelo, kijijini kwa baba yake Obama, zikafika Kariakoo, na watu wakaanza kuuliza. Kweli yupo mbwa asiyepukutisha? Na kama yupo, si ndiye anayemfaa mtu kama mimi, ninayepiga chafya kila nikikaribia banda la mbwa?

La kwanza nalijibu ndiyo, kwa kiasi kikubwa. La pili nitalijibu hapa chini, na jibu lake halipendezi sana. Lakini yapo maswali mengine mawili ambayo watu hawayaulizi mpaka mbwa ameshafika nyumbani: nywele zisizoanguka zinakwenda wapi? Na mbwa huyu alizaliwa afanye kazi gani? Majuto mengi niliyoyasikia kwa waliomfuga yametoka hapo.

Baharia wa miguu minne

Kwao anaitwa Cão de Água Português, mbwa wa maji wa Kireno. Asili yake ni pwani ya kusini ya Ureno, mkoa wa Algarve. Jina la mkoa huo waliliacha Waarabu waliotawala huko karne nyingi: al-Gharb. Mswahili hahitaji mkalimani hapo, maana ndiyo magharibi yetu.

Dume husimama sentimita 50 hadi 57 kutoka ardhini hadi begani, na uzito wake ni kilo 19 hadi 25. Jike ni mdogo kidogo. Vidole vya miguu vimeunganishwa kwa utando wa ngozi, kama mguu wa bata. Mkia ni mnene shinani na mwembamba nchani. Akiwa majini humsaidia kama usukani, akiwa nchi kavu na amechangamka huupandisha ukajikunja juu ya kiuno.

Mvuvi wa Algarve alimpakia mashuani kama mmoja wa mabaharia. Kamba ya wavu ikikatika, mbwa aliruka akairudisha kwa meno. Boya likiponyoka, alilifuata. Samaki akichomoka kwenye ndoana karibu na mashua, mbwa alikuwa ameshajitupa majini kabla mvuvi hajamaliza kulaani. Siku ambazo hakukuwa na redio, nahodha aliyetaka kupashana habari na mashua ya pili, au na watu wa pwani, alimtuma mbwa kama tarishi. Usiku mashua ikitia nanga, mbwa alibaki juu yake kuilinda. Inasimuliwa kwamba samaki wakigawanywa, naye alikuwa na fungu lake.

Hata unyoaji wake ulifuata kazi. Mtindo wa jadi unaitwa mnyoo wa simba: nywele hunyolewa kuanzia ubavu wa mwisho kurudi nyuma, pamoja na uso, zikaachwa ndefu kifuani, mabegani na kishungi ncha ya mkia. Miguu ya nyuma ilibaki huru kupiga mbizi, na kifua kilichobeba moyo na mapafu kilibaki na koti lake dhidi ya baridi ya Atlantiki. Anayeucheka mtindo ule akidhani ni urembo angemwona mbwa akitoka majini mwezi Januari.

Kisha zikaja injini, redio na vifaa vipya vya uvuvi, na mbwa akakosa kazi. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa karibu kutoweka. Aliyemwokoa ni Vasco Bensaude, tajiri wa Lisbon mwenye biashara ya meli na uvuvi. Alimpata kwa mvuvi mmoja wa Algarve dume aliyeitwa Leão, yaani Simba, na maelezo rasmi ya jinsi mbwa wa aina hii anavyopaswa kuwa yaliandikwa kwa kumtazama yeye. Bensaude alipofariki mwaka 1967, mbwa wake walikwenda kwa Conchita Cintrón, mwanamke aliyesifika duniani kwa kupigana na mafahali akiwa juu ya farasi. Kutoka kwake baadhi walivuka bahari hadi kwa Deyanne na Herbert Miller huko Connecticut, Marekani. Mwaka 1972 walipoanzisha chama cha wafugaji, mbwa waliojulikana nchi nzima hawakuzidi 12.

Kumbuka idadi hiyo. Tutairudia kwenye afya.

Nywele zisizoanguka zinakwenda wapi?

Mbwa wengi wana koti mbili: nywele ndefu za nje, na chini yake sufu fupi inayopukutika kwa msimu na kujaa kwenye makochi. Mbwa wa maji wa Kireno ana koti moja tu. Nywele zake huendelea kurefuka, karibu kama za kichwa cha binadamu, na usipozikata hazisimami.

Wako wa aina mbili. Mmoja ana nywele zenye mawimbi, zinazoanguka kwa mng'ao. Mwingine ana vipilipili vilivyobana, visivyong'aa. Wote wawili wanaweza kuzaliwa tumbo moja. Mwaka 2009 wanasayansi, wakitumia damu ya mbwa hawa pamoja na wengine wengi, walionyesha kwamba tofauti nyingi za manyoya ya mbwa hutokana na jeni tatu tu. Jeni ni agizo la urithi ambalo mtoto hupewa na wazazi wake. Moja huamua urefu wa nywele, moja huamua kama zitajikunja, na ya tatu huleta ndevu na nyusi ndefu. Mara chache huzaliwa mtoto aliyeikosa hiyo ya tatu: uso wake ni laini, nywele za miguuni ni fupi, na huyo hupukutisha kama mbwa mwingine yeyote. Afya yake ni nzima. Ila aliyemnunua kwa ajili ya mzio atashangaa.

Sasa, nywele ya mbwa huyu nayo hufa. Hakuna nywele isiyokufa. Tofauti ni kwamba ikichomoka haifiki sakafuni. Inanaswa na wenzake waliojikunja na kubaki pale pale, ikazungukwa, ikasokotwa, ikawa fundo. Fundo hukaza kila mbwa anapolala, anapolowa, anapojikuna. Likiachwa mwezi mmoja huwa kama kipande cha mkeka kilichoshonwa kwenye ngozi: hewa haipiti, unyevu na uchafu havitoki, ngozi ya chini inatoka vidonda. Ufagio umepumzika, lakini kazi yake yote imehamia kwenye kitana.

Kumchana, hatua kwa hatua

Yeyote aliyekaa chini akabanwa katikati ya magoti ya mama au shangazi akichanwa nywele za kipilipili siku ya Jumapili jioni ana ujuzi wa kutosha wa kuanza. Kanuni ni ile ile: anzia nchani urudi shinani palipojifunga, shika shina la nywele kwa vidole ili ngozi isivutwe, na usimalize hasira zako kwenye kichwa cha mtu.

Mlaze mbwa ubavu juu ya meza imara, chini yake weka mpira usioteleza. Anza mguuni. Kwa mkono wa kushoto zirudishe nywele zote juu, uache mstari mmoja mwembamba wa ngozi ukionekana kama njia ya chawa. Zile zilizo chini ya mstari zichane kwa brashi ya waya, kutoka ngozini kwenda nje. Shusha mstari mwingine kutoka juu, chana tena. Hivyo hivyo mpaka mgongoni. Kisha chukua kitana cha chuma chenye meno marefu ukipitishe. Kikipita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, sehemu hiyo umeimaliza. Kikikwama, hujaimaliza, hata kama mbwa kwa mbali anaonekana amependeza. Hili ndilo kosa la wanaoanza: hupiga brashi juu juu, koti linavimba vizuri kama pamba, kumbe chini karibu na ngozi pameshafungana.

Sehemu zinazofungana kwanza ni nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, chini ya ukanda wa shingo na ndevuni palipolowa chakula. Humo ingia kila siku, hata kwa dakika mbili. Mwili mzima utahitaji mara mbili au tatu kwa wiki.

Ukikuta fundo, lifumue likiwa kavu. Usilipeleke bafuni kwanza kwa matumaini kwamba maji yatalilainisha. Umewahi kufua sweta la sufu kwa maji ya moto? Fundo hufanya vivyo hivyo: hujibana likawa gumu mara mbili. Likikataa kabisa, lipasue kwa mkasi kwa urefu, kufuata nywele zinavyoota, vidole vyako vikiwa kati ya mkasi na ngozi. Na likiwa limeshika eneo kubwa, nyoa. Nywele zitaota, kumtesa mbwa saa mbili kwa ajili ya uzuri wake hakuna maana.

Kipindi kigumu zaidi huja mbwa anapokaribia kutimiza mwaka, koti la utoto linapobadilika kuwa la utu uzima. Kwa miezi kadhaa atafungana leo pale ulipomchana jana. Wengi hukata tamaa wakati huo. Mnyoe mtindo mfupi, sentimita mbili hadi tatu mwili mzima, kisha umrudie kila wiki sita hadi nane. Mtindo huo mfupi na wa kulingana ndio ninaoupendekeza kwa kila nyumba isiyokwenda kwenye maonyesho.

*Kwa ufupi:* mbwa asiyepukutisha ni mbwa ambaye nywele zake zilizokufa hubaki mwilini mwake, na kuzitoa ni kazi yako.

Je, anamfaa mwenye mzio?

Watu wengi hudhani wanaumwa na nywele. Kinachowasumbua hasa ni protini zinazotoka kwenye mate ya mbwa, mkojo wake na magamba madogo ya ngozi yake, ambayo kila mbwa anayo, awe na vipilipili au hana. Mwaka 2011 watafiti wa Detroit, Marekani, walipima vumbi la nyumba zenye mbwa mmoja, wakalinganisha nyumba za mbwa wanaosifiwa kuwa salama kwa mzio na nyumba za mbwa wa kawaida. Hawakuona tofauti. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi walipima nywele zenyewe, wakakuta mbwa wanaosifiwa hawana nafuu yoyote, baadhi walizidi.

Hata hivyo wapo watu wenye mzio wanaoishi na mbwa hawa bila shida, maana miili haifanani. Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kulipa hata shilingi, kaa na mbwa mzima wa aina hii ndani ya chumba, saa mbili au tatu, kwa siku tofauti. Mwache akulambe mkono. Mwili wako utakujibu kuliko tangazo la muuzaji. Na mwenye pumu asifanye jaribio hilo bila kumwona daktari kwanza.

Msomaji Mwislamu ana hesabu yake pia. Wengi wa Waislamu wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mahali palipolowa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na ambamo mbwa wa kuwinda, kuchunga na kulinda ana ruhusa asiyokuwa nayo mbwa wa kukaa sebuleni. Mbwa wa maji wa Kireno anapenda kulala miguuni pa mtu, ana ndevu, na ndevu hizo hazikauki. Familia na ilijadili hilo mapema.

Baada ya maji

Si kila mtoto wa mbwa huyu hujua kuogelea siku ya kwanza. Mpeleke penye maji matulivu na ufuo unaoshuka polepole, uingie naye mpaka magotini, umwache ajaribu. Ukimtupa, unaweza kumtia woga wa maisha.

Mbwa aliyezoea utamwita mpaka uchoke. Nilimtazama jike mmoja akirushiwa boya dogo baharini. Kila alipolitoa alilileta mpaka kwenye vidole vya miguu ya mwenyewe, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama amelikazia macho, maji yakichuruzika kutoka ndevuni kama paa linalovuja. Hakuwa akicheza. Alikuwa zamu.

Akishatoka, zingatia haya:

- Mmwagie maji baridi yasiyo na chumvi mpaka ngozini. Chumvi na mchanga vikikauka ndani ya vipilipili, humwasha na kumfunga nywele.
- Mkaushe kwa kubana taulo, usisugue. Kusugua ndiko kunakosokota.
- Kausha masikio kwa pamba, kwa ndani unapofika kwa kidole tu. Sikio lake limelala kama kifuniko, nywele huota mpaka ndani ya tundu, unyevu haupati pa kutokea. Akitikisa kichwa mara kwa mara, au sikio likitoa harufu ya chachu, nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.
- Tazama kati ya vidole, kwenye utando.
- Mpe maji ya kunywa kabla na baada. Mbwa anayekunywa maji ya bahari huharisha.

Kichwa kinachotaka kazi

Fikiria tena yule tarishi wa mashua. Ilibidi awe na nguvu za kuogelea kutwa, amtii mtu aliye mbali, na tena ajiamulie mwenyewe pale wimbi linapomficha bwana wake. Sifa hizo tatu hazikufutika eti kwa sababu mjukuu wake anaishi ghorofa ya tatu.

Asipopewa kazi hujitafutia. Mdomo ndio mkono wake, kwa hiyo atabeba kiatu, soksi, rimoti, nguo iliyoanikwa. Atasimama kwa miguu ya nyuma na mkate wa mezani hutauona tena. Huo si ukorofi. Ni mvuvi anayekusanya vitu vilivyopotea. Mfundishe neno la kuachia akiwa bado mchanga, kwa kubadilishana naye: anakupa kiatu, unampa kipande cha nyama. Ukimkimbiza na kumpokonya, umemfundisha mchezo mwingine kabisa.

Saa moja ya mwendo na kukimbia kila siku ndiyo kima cha chini. Juu ya hapo mpe kitu cha kufikiria. Ficha kifaa chenye harufu yako shambani akitafute. Mfundishe kupeleka ujumbe, kutoka kwa mama jikoni hadi kwa baba uani, kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Vyama vya wafugaji vya Marekani huwapa mbwa hawa mitihani ya majini yenye kazi zile zile za zamani: kuvuta wavu, kupeleka mfuko wa ujumbe kati ya mtu na mashua, kuokota kitu kilichozama. Mbwa wa Algarve wa miaka 100 iliyopita angeipita bila kusoma.

Ukoo mwembamba

Sasa ile idadi ndogo. Ukoo unaojengwa upya kutoka mbwa wachache hubeba maradhi ya hao wachache. Mbwa huyu huishi miaka 11 hadi 13 akitunzwa, lakini yapo magonjwa ya kurithi: nyonga isiyokaa vizuri kwenye kikombe chake, macho yanayopoteza nuru polepole, moyo unaotanuka na kuua watoto wa mbwa ghafla, na ugonjwa wa ubongo uitwao GM1, ambao pia huua wangali wachanga. Kuna pia ugonjwa wa Addison, ambapo tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutoa homoni zinazouwezesha mwili kuhimili misukosuko.

Jambo jema ni kwamba mengi kati ya haya yana vipimo. Wafugaji wa mbwa huyu wamekuwa karimu kwa sayansi kuliko wengi. Gordon Lark, profesa wa Chuo Kikuu cha Utah, alifiwa na mbwa wake Georgie mwaka 1996, na kifo hicho kikazaa mradi wa utafiti unaobeba jina la mbwa huyo. Wenye mbwa walituma damu na picha za eksirei kwa mamia. Mwaka 2007, kwa kutumia mbwa hao, ikagunduliwa jeni moja ya ukuaji inayochangia sana kuwafanya mbwa wadogo wawe wadogo.

Kwa hiyo muuzaji asiye na karatasi hana kisingizio. Omba picha ya nyonga za wazazi wote wawili, cheti cha macho, na majibu ya vipimo vya jeni vya macho, GM1 na moyo. Omba kumwona mama akiwa na wanawe. Akisema mama yuko mbali, nawe kaa mbali.

Afugwe kwetu?

Bo alikufa Mei 2021, akiwa na miaka 12, kwa saratani. Alikuwa amelelewa na familia yenye bustani kubwa na watu wa kumhudumia. Nyumba zetu nyingi haziko hivyo, na sitaki kumdanganya msomaji.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa linaweza kuvumiliwa iwapo atanyolewa mfupi na kutembezwa kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni. Kupe ni tatizo kubwa zaidi. Kupe huambukiza homa zinazoua mbwa, na katika koti la vipilipili hawaonekani kwa macho. Inabidi vidole vipite ngozini, masikioni na kwenye utando wa vidole kila jioni. Mito yetu mingi ina mamba, hivyo maji anayoyapenda si yote utakayomruhusu. Nje ya miji mikubwa ni shida kumpata kinyozi wa mbwa. Mashine, mkasi na kitana vitakuwa mikononi mwako. Chanjo ya kichaa cha mbwa hiyo ni lazima kwa kila mbwa, wa kigeni na wa kienyeji.

Hukumu yangu kwa nyumba nyingi ni hapana. Mbwa wa kienyeji mwenye nywele fupi atakupenda vilevile, atalinda vizuri, na jioni hatakudai saa nzima ya kuchanwa. Lakini kama una ufuo salama jirani, una muda, na una subira ya yule shangazi wa Jumapili jioni, basi mtafute mwenye mbwa mzima wa aina hii. Mwombe brashi na kitana, mchane mwenyewe kutoka ukucha wa mguu wa nyuma hadi ncha ya sikio, mpaka chuma kisikwame popote. Ukiinuka na bado unamtaka, ndipo uulize bei.